Kazi Tisa za Mwezi wa Tisa

Simu ya Likwaya iliingia saa tatu asubuhi, katikati ya Novemba, na Mehreen Esmail aliipokea kwa sababu msichana wa mapokezi alikuwa ameenda kununua vitumbua. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Deolinda, msimamizi wa kisima. Alisema hii ni mara ya nne anapiga. Mara tatu za mwanzo aliambiwa mfumo unaonyesha kisima chake kiko salama, na sasa alitaka mtu mwenye masikio.

"Maji yana chumvi," alisema. "Wiki ya tatu hii. Sabuni haitoi povu. Kunde nachemsha toka asubuhi mpaka adhuhuri haziivi. Huyo mfumo wenu anakunywa maji ya wapi?"

Mehreen alimwomba asubiri, akafungua Likwaya kwenye kompyuta.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, binti wa Mzee Esmail mwenye duka la mabomba na vifaa vya ujenzi Mikindani, na kwa miaka mitatu alikuwa fundi wa kampuni iliyofunga pampu za maji vijijini. Ofisi yao ilikuwa mjini Mtwara, vyumba vitatu juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Visima vilikuwa arobaini na kimoja, kuanzia Mpapura mpaka vijiji vya mwisho karibu na mdomo wa Ruvuma. Kila pampu ilikuwa ya sola, na kila pampu ilifungiwa kisanduku cha chuma chenye laini ya simu ndani. Kisanduku kilipima maji na kutuma majibu mjini, na kutoka mjini mtu aliweza kukiamuru kwa mbali: washa, zima, badilisha saa za kuvuta. Amri moja kwa kisanduku kimoja waliiita kazi.

Mehreen ndiye aliyezituma kazi hizo na kufuatilia hali zake. Kazi ikitumwa iliandikwa Inasubiri. Kisanduku kikiipokea, Inaendelea. Kikishaitekeleza kilijibu chenyewe, na hali ikageuka kuwa Imekamilika, kwa rangi ya kijani. Ikigoma, iliandikwa Imeshindwa, kwa nyekundu. Pale kisanduku kilipokuwa hakijibu kabisa, fundi alikwenda na waya, akaingiza amri kwa mkono, halafu akaandika hali kwa jina lake mwenyewe. Kila hali ilipobadilishwa kwa mkono, mfumo ulimtumia msimamizi wa kisima ujumbe wa simu kumweleza.

Mwezi wa nane walikuwa wametuma amri moja kwa visima vyote. Visima vya ukanda ule vina tabia yake. Chini ya maji matamu yamelala maji ya chumvi yanayosukumwa na bahari, na wakati wa kiangazi ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Ikishapanda, haishuki kwa kuombwa. Kwa hiyo amri ilisema: pampu isivute zaidi ya saa nne kwa siku, na chumvi ikivuka kiwango ijizime yenyewe. Visanduku thelathini na viwili vilijibu siku hiyohiyo. Tisa vilibaki Inasubiri, na vyote vilikuwa karibu na mto.

Mehreen aliijua sababu. Ukikaribia Ruvuma simu yako inaanza kukamata mtandao wa ng'ambo, wa Msumbiji, na laini za visanduku zilifungwa zisitumie mtandao wa nchi nyingine. Kisanduku kilikaa hapo kikihangaika kati ya minara miwili, kikikosa yote. Dawa ilikuwa kwenda na waya. Aliandika ombi la pikipiki na mafuta mara mbili, na meneja wao, Tumaini, alimjibu kwamba asubiri mwezi uishe. Halafu mwishoni mwa Septemba Mehreen alirudi kutoka Mpapura, alikokuwa akibadilisha paneli iliyopasuka, akakuta orodha ya kazi zinazosubiri haina kitu. Alipouliza, Tumaini alisema kuna mafundi wa muda aliowatuma na gari. Mehreen alifurahi. Hakuuliza mafundi gani, na furaha ile baadaye ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Sasa, huku Deolinda akipumua kwenye simu, aliona kazi ya Likwaya imeandikwa Imekamilika. Tarehe ishirini na saba Septemba, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Mbele yake, mahali pa jina la fundi, paliandikwa Mehreen Esmail.

Alifungua na nyingine nane. Zote kijani. Ya kwanza saa kumi na dakika kumi, ya mwisho saa kumi na dakika kumi na nne. Vijiji tisa kwa dakika nne, na yeye wakati huo alikuwa juu ya paa Mpapura na spana mkononi.

Alimwambia Deolinda anakuja leo. Deolinda akasema, "Tutaona," akakata.

Alichukua pikipiki ya ofisi bila kumuaga mtu. Njia nzima alikuwa akimtafuta mtu wa kumlaumu ambaye si yule anayemfikiria, akakosa. Neno lake la siri alilijua mtu mmoja tu. Mwezi wa sita, alipolazwa na malaria, Tumaini alimpigia akaomba aingie kwenye akaunti yake mara moja tu, atume taarifa ya wiki. Alimtajia herufi moja moja akiwa na sindano mkononi. Alipopona hakulibadilisha.

Likwaya ni kijiji cha nyumba kama mia mbili hivi, nusu yake familia zilizovuka kutoka Msumbiji miaka ya vita na kubaki. Kisima kiko pembeni mwa uwanja wa shule. Mehreen alifika saa sita na nusu mchana, na kabla hajazima pikipiki alisikia pampu ikivuma. Hakuna aliyekuwa akichota. Simtanki lilikuwa limejaa na maji yalimwagika kwenye mchanga, na mchanga ulipokauka uliacha ukingo mweupe.

Deolinda alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye chale za zamani usoni zilizokuwa zimeanza kufifia. Watu walimwita Mama Elton. Mehreen alimwamkia shikamoo. Deolinda hakuitikia. Alitoa simu kwenye fundo la kanga, akaifungua, akamshikisha.

Ujumbe ulikuwa wa Septemba. Ndugu msimamizi, kazi ya kulinda kisima chako dhidi ya chumvi imekamilika. Fundi: Mehreen Esmail.

"Ndiyo wewe?" Deolinda aliuliza.

"Jina ni langu, mama. Lakini sikuandika mimi."

"Mimi niliwasomea watu huu ujumbe. Niliita mkutano hapo, chini ya paa la shule, nikawasomea. Walikuwa wanasema tuizime pampu wenyewe mchana, maji yameanza kubadilika, wazee wanayajua haya maji. Nikawaambia hapana, mtaalamu amekuja, kisanduku kitajizima chenyewe. Wakaniuliza amekuja lini, mbona hatujamwona? Nikawaambia hawa siku hizi wanafanya kwa mtandao. Mimi nilisema hivyo. Kwa kinywa changu."

Sauti yake haikupanda. Wanawake watatu waliokuwa wamekuja kuchungulia walisimama mbali kidogo, na mmoja wao aligeuka akaangalia pembeni, kama mtu anayeona aibu ya mwenzake.

Mehreen alifungua kisanduku. Taa ya mtandao ilikuwa ikiwaka nyekundu na kuzima. Alichomeka waya, akasoma kumbukumbu. Amri ya mwezi wa nane haikuwamo. Haikuwahi kufika. Kisanduku kilikuwa kikifuata amri ya mwaka juzi, kuvuta tangu jua linapochomoza hadi linapozama, na kilifanya hivyo kwa utiifu kila siku, miezi yote ya kiangazi. Aliteremsha kipimo kwenye ndoo. Kiwango cha mwisho cha chumvi kinachokubalika kilikuwa elfu moja na mia tano. Kipimo kilisoma elfu nne na mia mbili.

Alizima pampu. Baada ya mvumo ule kukoma, kijiji kilionekana kimya kupita kawaida. Aliingiza amri mpya kwa mkono, akaijaribu mara mbili, akajua anafunga mlango wa zizi ambalo ng'ombe wameshaibwa.

"Yatarudi lini?" Deolinda aliuliza.

"Sijui, mama."

"Mvua zikinyesha?"

"Huenda yakapungua chumvi baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua. Huenda yasirudi. Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya."

"Tumeshadanganywa," Deolinda alisema. "Kwa hiyo na huo ukweli wako sijui niuweke wapi." Kisha akachukua ndoo yake tupu akaelekea kwenye njia ya visima vya zamani, mwendo wa saa nzima kwenda, na wale wanawake wakamfuata.

Mehreen alirudi mjini na vumbi mpaka kwenye kope. Hakunawa. Alimkuta Tumaini ofisini kwake akila chipsi juu ya magazeti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa maneno, aliyewaita wafanyakazi wote wadogo zangu na kuwakumbuka kwenye misiba yao. Mehreen alikuwa amemheshimu. Alisimama mlangoni akamwambia alikokuwa na alichokikuta, kisha akamuuliza kama ni yeye.

Alidhani atakana. Tumaini alifuta vidole kwa karatasi akasema ni yeye.

Alieleza bila haraka. Mfadhili alitaka taarifa ifikapo tarehe thelathini. Kazi tisa zikionekana zinasubiri, awamu ya pili ya mradi ingehamishiwa mkoa mwingine, na awamu hiyo ndiyo iliyobeba ajira zao wote, yake Mehreen ikiwamo. Alikuwa na nia ya kutuma mafundi Oktoba. Oktoba gari liliharibika. Novemba ikaingia.

"Kwa nini jina langu, Kaka Tumaini?"

"La kwangu halimo kwenye orodha ya mafundi. Mfumo ungekataa."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini amepita njia ya mkato. Mehreen alihisi masikio yanawaka. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa visingizio, hata kwa vitisho, lakini si kwa jibu jepesi kiasi kile.

"Mehreen, mdogo wangu, ile ni alama kwenye kompyuta," Tumaini aliendelea. "Tuongee kama watu wazima. Kisanduku kilikuwa hakisikii. Kingebaki hakisikii hata kama ningeacha imeandikwa Inasubiri."

"Ingebaki Inasubiri ningekwenda," Mehreen alisema. "Ningekwenda kwa bodaboda. Ningekwenda kwa miguu. Sikwenda kwa sababu uliniambia mafundi wameshakwenda."

Tumaini akasema mambo mengine: kwamba nafasi ya mkuu wa mafundi itatangazwa Januari, kwamba hakuna anayefaa kuliko Mehreen kwa kazi hiyo, kwamba visima vinane vilivyobaki wangevishughulikia polepole bila kelele. Mehreen alimwacha akiongea, akaenda kwenye meza yake akafunga mlango.

Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha neno la siri. La pili, alijaribu kugeuza hali za kazi zile tisa. Mfumo ulimkatalia. Alijua ungemkatalia, kazi ikishaandikwa Imekamilika haifunguki tena, hata kwa aliyeifunga. Ilibuniwa hivyo ili watu wasiharibu kumbukumbu. Alijaribu zote tisa, moja baada ya nyingine, akibonyeza kwa nguvu kana kwamba kibonyezo ndicho kilichokosa.

Basi akafungua kazi mpya tisa, za amri ileile na visima vilevile. Ya Likwaya aliiandika Imekamilika, kwa kuwa sasa ilikuwa kweli, na kwenye nafasi ya maelezo akaongeza: Amri imeingizwa kwa mkono leo. Ile ya Septemba haikuwahi kufika. Sikuiandika mimi. Kisima kimeshaingia chumvi. Nane zilizobaki alizituma, akasubiri robo saa visanduku visijibu kama alivyojua, kisha akaziandika Imeshindwa, moja moja. Kwa kila moja aliandika: Kisima hiki hakina kinga tangu mwezi wa nane. Taarifa ya Septemba ilikuwa ya uongo. Tafadhali zimeni pampu kwa mkono ifikapo saa tano asubuhi kila siku mpaka fundi afike. Chini yake akaweka jina lake lote na namba yake ya simu.

Kazi ikiandikwa Imeshindwa, ujumbe haukuishia kwa msimamizi wa kisima. Nakala ilikwenda wilayani na kwa mfadhili. Tumaini alilijua hilo; ndiyo maana miaka yote hakupenda nyekundu. Mehreen alipobonyeza ya mwisho, simu ya chumba cha pili ilikuwa imeshaanza kuita. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Alisikia Tumaini akisema, "Ndiyo, mheshimiwa, tunalifuatilia," na sauti yake ilikuwa ileile ya upole.

Mzee Esmail, alipoelezwa jioni ile dukani, aliuliza swali moja: neno la siri alimpa nani? Mehreen akamjibu.

"Basi na wewe umo," baba yake alisema.

"Najua."

"Sijasema ili ulie. Mabomba ya Likwaya walinunua hapa. Walinihesabia shilingi za kuchangishana, nyingine zimefungwa kwenye nailoni. Wakija kuniuliza nitawaambia nini, mwanangu yumo au hayumo?" Aliusukuma mlango wa chuma wa duka kwa kishindo ambacho Mehreen hakuwahi kukisikia kwake, mzee ambaye hata wezi aliwasema kwa sauti ya chini. Kisha akamtupia ufunguo wa pikapu. "Nenda kwenye hivyo vinane. Usingoje wakutume."

Alizunguka siku tatu. Barua ya kumsimamisha kazi ilifika mezani kwake siku ya kwanza, akaisoma siku ya nne: matumizi mabaya ya mfumo na kuitia kampuni doa. Katika visima vinane, sita vilikuwa bado chini ya kiwango, viwili kati ya hivyo kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba alipima mara tatu. Kwenye vijiji vinne alikuta pampu zimeshazimwa na wasimamizi waliosoma ujumbe wake. Kijiji kimoja walikuwa wameukata kabisa waya wa sola kwa panga, na mwenyekiti alimwambia hawauungi mpaka waone mtu mwenye akili. Mehreen alikaa chini akawaungia, wakimsimamia kichwani. Visima viwili vilikuwa vimekwisha kama Likwaya.

Watu wa mfadhili walikuja Desemba. Walimhoji Mehreen kwa saa mbili na Tumaini kwa dakika arobaini. Awamu ya pili ilisitishwa. Tumaini hakufukuzwa, alihamishiwa makao makuu Dar es Salaam, kwenye kitengo cha taarifa, na waliomjua walisema amepandishwa. Mehreen aliposikia hivyo alikuwa akiosha vyombo nyumbani kwao, na mama yake, Zainabbai, alikuja kumnyang'anya sahani kabla hajaivunja.

Januari kampuni ilimwita arudi. Hakukuwa na mwingine aliyevijua visanduku vile. Alirudi kwa sharti moja la maandishi: hali ya kazi ya mkono isifungwe bila msimamizi wa kisima kuthibitisha kwa simu yake mwenyewe. Walikubali baada ya wiki mbili za kuvutana. Hakuna aliyemwomba radhi, na barua ya kumsimamisha ilibaki kwenye faili lake.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Aprili alikwenda Likwaya kupima. Kipimo kilisoma elfu tatu na mia tisa. Wilaya ilikuwa imechimba kisima kingine upande wa juu, mbali na mto, cha pampu ya mkono, na wanawake walipanda kilima kwenda huko asubuhi na jioni. Usimamizi ulikuwa umepewa mtu mwingine. Mkutano ulimwondoa Deolinda Desemba, kwa kura nyingi, kwa sababu ndiye aliyewasomea ujumbe.

Mehreen alikutana naye njiani, akishuka na ndoo kichwani. Alisimamisha pikipiki, akashuka, akamwamkia.

"Marahaba," Deolinda alisema.

Mehreen alimwambia kuhusu kipimo, kwamba chumvi imeshuka kidogo. Alimwambia pia kwamba ameandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, mbili sasa, kueleza kwamba msimamizi hakuwa na kosa. Deolinda alisikiliza bila kuitua ndoo, mkono mmoja ukiishika ukingoni.

"Mwenyekiti alitusomea," alisema. "Watu wakasema, ni karatasi nyingine yenye jina lilelile."

Kisha akamwomba asogeze pikipiki, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, akapita.